Tusiinyang'anye Kusadikika Anga Yake

Duka la vitabu katika mji kama Kitengela huishi kwa kalenda ya shule. Mwezi wa Januari wazazi hupigana vikumbo mlangoni, kila mmoja na orodha yake mkononi. Ifikapo Machi, muuzaji hukaa akimngoja mwanafunzi aliyepoteza kitabu cha mazoezi ya Hisabati. Ndiyo maana lilinishangaza, na kunifurahisha pia, duka moja la mji huo, kando ya barabara iendayo Namanga, ambalo limetenga rafu nzima kwa vitabu vipya vya aina ambayo wahakiki wetu huiita bunilizi ya kisayansi, pamoja na jamaa yake wa karibu, hadithi za kiajabu: safari za angani, miji ya karne zijazo, majini na wanyama wasemao.

Jambo hili si dogo. Mwenye duka anayeweka mtaji wake katika kitabu kisichotahiniwa amethubutu kufanya lile ambalo sisi walimu, kwa jumla, tumekuwa tukilikwepa. Amemwamini msomaji.

Miongoni mwa vitabu hivyo mna Binti, kazi ya Nnedi Okorafor, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, iliyotoka mwaka 2015 na kutunukiwa tuzo za Hugo na Nebula. Mna pia The House of Rust ya Khadija Abdalla Bajaber, mwandishi wa Mombasa, iliyotoka mwaka 2021 na mwaka uliofuata ikawa ya kwanza kabisa kupewa Tuzo ya Ursula K. Le Guin. Ndani yake msichana wa Kihadhrami wa Mombasa anaingia baharini katika chombo cha mifupa, akiandamana na paka anayesema, ili amtafute baba yake mvuvi. Mtoto yeyote aliyelelewa kwa hadithi za bibi atakijua kitabu hiki kabla hajakifungua.

Lakini atakapokifungua atakuta kimeandikwa kwa Kiingereza. Hata kile chenye jina Binti kina Kiswahili kwenye jalada tu. Filamu ya Wanuri Kahiu ya mwaka 2009, inayosimulia Afrika Mashariki iliyokauka baada ya vita vya kugombea maji, iliitwa Pumzi, na hilo ndilo Kiswahili kikuu kilichomo. Lugha yetu imewekwa barazani kuwapokea wageni, sebuleni haikukaribishwa. Simlaumu Bajaber, wala Okorafor, wala Kahiu. Kila msanii huichagua lugha yake, na wasomaji wao wako duniani kote. Ninalouliza ni hili: tukimaliza kushangilia, mtoto wa Kitengela anayetaka kusoma habari za nyota kwa Kiswahili tutampa nini?

Wapo watakaojibu kwamba Kiswahili hakina hadithi za namna hiyo, kwamba lugha yetu ni ya methali, ndoa na ufisadi wa viongozi. Jibu hilo ni la kutojua. Shaaban Robert alichapisha Kusadikika mwaka 1951, miaka 6 kabla ya Warusi kurusha Sputnik na miaka 10 kabla ya Yuri Gagarin kuizunguka dunia. Kusadikika ni nchi iliyo angani. Karama, anayeshtakiwa kwa kosa la kuanzisha mafunzo ya sheria, anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita: kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini. Hebu litafakari hilo la mwisho, ewe msomaji. Kwa watu wa Kusadikika, ardhi hii tunayoikanyaga ni nchi ya ugenini ambayo hutumiwa mjumbe, kama vile binadamu walivyotuma wajumbe wao mwezini mwaka 1969. Mwandishi aliyeweza kuigeuza dunia juu chini hivyo, akaitazama kutoka mawinguni kama nchi ngeni, hakuwa na haja ya kufundishwa bunilizi na mtu yeyote.

Wala hakuwa peke yake. Mwaka 1995 Katama Mkangi, mwanasosholojia wa Pwani ya Kenya, alichapisha Walenisi. Mhusika wake, Dzombo, anahukumiwa kifo, anatiwa katika chombo kinachorushwa angani, na badala ya kuangamia anafika katika nchi ambayo jina lake, likikatwa vipande, linasema wale ni sisi. Yupo Kezilahabi na Nagona (1990) na Mzingile (1991). Yupo Said Ahmed Mohamed, ambaye katika Babu Alipofufuka (2001) anamtoa babu kaburini aje kumsaili mjukuu wake. Yupo Kyallo Wadi Wamitila na Bina-Adamu! (2002). Orodha hii ingeweza kuendelea, lakini hoja yangu haihitaji orodha.

Hoja yangu ni kwamba tunavyo vitabu hivi, na tumevifundisha kwa namna inayovinyima uhai. Mwalimu wa Kiswahili huingia darasani, na kabla mwanafunzi hajapata nafasi ya kustaajabu, humwambia kwamba Kusadikika ni Tanganyika chini ya mkoloni, kwamba Dzombo ni mwanamapinduzi, kwamba Walenisi ni ujamaa, basi. Nchi ya angani inateremshwa, inakatwakatwa kuwa maudhui, wahusika na tamathali za usemi, na kupangwa daftarini tayari kwa Karatasi ya Tatu. Mtahini atauliza dondoo: nani alisema, akimwambia nani, katika muktadha upi. Hatauliza ilikuwaje nchi ile isianguke.

Sikatai kwamba mna fumbo. Shaaban Robert aliandika chini ya utawala wa kikoloni, na Mkangi aliwahi kuwekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani katika miaka ya 1980. Watu wa namna hiyo huwa na sababu za kusema kwa mafumbo. Hata hivyo, fumbo halifanyi kazi yake mpaka msikilizaji aamini kwanza hadithi. Mwanafunzi asiyeiona Kusadikika ikining'inia mawinguni, asiyehisi hofu ya mjumbe anayeshuka kwenda ardhini asikojua, hawezi kuuona ukatili wa kumtia mjumbe huyo gerezani arudipo na habari njema. Atakariri kwamba mwandishi anashutumu udhalimu. Hatakasirika. Na fasihi inayoshutumu udhalimu pasipo kumkasirisha yeyote, sijui tunaifundisha kwa ajili gani.

Kuna pingamizi jingine, zito zaidi, ambalo mzazi wa Kajiado ana haki ya kulitoa. Kaunti hii ilipoteza mifugo mingi mno katika ukame wa mwaka 2020 hadi 2023. Mtu aliyeshuhudia ng'ombe wake wakianguka mmoja baada ya mwingine atauliza: mwanangu ana shughuli gani na sayari nyingine?

Nadhani ana shughuli kubwa, na wazee wake walilijua hilo. Simulizi la Wamaasai linasema kwamba Enkai aliwateremsha ng'ombe kutoka mbinguni kwa ukanda mrefu wa ngozi, hadi Mdorobo, kwa wivu, alipoukata, na tangu hapo mbingu na ardhi hazina njia. Mwaka 1895 Mrusi Konstantin Tsiolkovsky aliwaza mnara mrefu usiokoma mpaka ufike nje ya anga. Mwaka 1979 Mwingereza Arthur C. Clarke, aliyekuwa akiishi Sri Lanka, aliandika riwaya nzima juu ya kamba ya kupandia angani. Sisemi kwamba Wamaasai walivumbua lifti ya nyota, maana madai ya aina hiyo hutufanya tuchekwe. Ninasema kwamba mtoto wa Isinya aliyesimuliwa ukanda ule wa ngozi hapaswi kuisoma riwaya ya Clarke kama mgeni. Anaisoma kama mtu anayejua kamba ilikatwa wapi.

Isitoshe, anga yenyewe haiko mbali nasi kama tunavyodhani. Tarehe 12 Desemba 1970, katika maji ya Ngomeni karibu na Malindi, Waitaliano na Wamarekani walirusha setilaiti ya kwanza iliyoundwa mahususi kuchunguza miali ya eksirei kutoka kwenye nyota. Iliitwa Uhuru, kwa sababu ilikuwa sikukuu yetu ya Jamhuri. Mwezi wa Aprili 2023 Kenya ilipata setilaiti yake, Taifa-1. Na tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye upana wa mita mbili na nusu hivi na uzito wa kilo 500 ilianguka kutoka angani katika kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni, jirani na Kajiado. Shirika la Anga la Kenya lilieleza kwamba ni kipande cha roketi. Lau tukio hilo lingeandikwa katika insha ya mwanafunzi siku moja kabla halijatokea, naogopa mwalimu angeliwekea alama nyekundu na kuandika pembeni: haiwezekani.

Tena, ardhi yenyewe ya Kitengela ni hadithi ya wakati ujao inayoandikwa kila siku, ila waandishi wake si wanafunzi wetu. Nyumbu na pundamilia walizoea kutoka Mbuga ya Taifa ya Nairobi kwa upande wa kusini ulioachwa bila uzio na kutawanyika katika nyanda za Kaputiei. Viwanda vya Athi River vya kuuza bidhaa nje vilipoanzishwa katika miaka ya 1990, watu walifurika, mashamba yakagawanywa kuwa ploti, nyua zikachomoza. Mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kuwalipa wenye ardhi dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili wasiweke uzio. Si mbali na hapo, mwezi wa Januari 2013, lilizinduliwa jiji la teknolojia la Konza mahali ambapo palikuwa na nyasi tu. Ukitaka kujua bunilizi ya kisayansi iliyoathiri maisha ya Wakenya kuliko zote, basi ni Ruwaza ya 2030, ambayo serikali ilizindua mwaka 2008. Kila aliyechora ramani ya nyanda hizi alianza kwa kuwaza kitu ambacho hakikuwapo. Watoto wa nyanda hizi sisi tumewafundisha kuandika insha za ajali ya barabarani, wizi wa usiku, na mtoto aliyeasi wazazi akaangamia.

Nitaambiwa Kiswahili hakina msamiati. Msamiati hufuata hadithi. Tulipohitaji kutaja mashine zinazofikiri, Kenya ikasema akili unde, Tanzania ikasema akili mnemba, na mabishano baina yetu juu ya lipi bora ni dalili ya afya. Tafsiri nazo si jambo geni: Alice wa Lewis Carroll alizungumza Kiswahili tangu mwaka 1940, na wanyama wa George Orwell tangu mwaka 1967, kwa kalamu ya Fortunatus Kawegere. Mchapishaji wa Nairobi atakayempa mfasiri wa Mombasa kitabu cha Bajaber akirudishe katika lugha ya bandari yake atakuwa amefanya biashara, si hisani.

Kwa upande wetu walimu, halihitajiki azimio la wizara. Muhula ujao, kabla ya kutaja neno maudhui, wasomee wanafunzi sura ya kwanza ya Kusadikika kwa sauti, kisha nyamaza. Waache wabishane juu ya nchi isiyoanguka. Na siku ya insha, badala ya methali, andika ubaoni mwanzo kama huu: "Pundamilia wa mwisho alipoufikia uzio wa Kitengela mwaka 2080, kifaa kilichokuwa shingoni mwake kilianza kusema Kimaasai..." Waambie waendeleze. Wape kurasa nne, na atakayeomba ya tano, mpe.