Matufe ya kioo ya Noeli: yametoka wapi?

Kila mwaka, Noeli ikikaribia, wakristu hutuuliza juu ya mti wa Noeli na yale matufe ya kioo yanayotundikwa juu yake. Wengine wanadhani ni dawa ya wapagani, wanasema haifai kuyaingiza katika nyumba ya mkristu. Wengine wanafikiri kwamba pasipo matufe hakuna Noeli, na baba asiye na franka za kuyanunua anaona haya mbele ya jirani zake. Makundi yote mawili yanakosa kwa sababu moja: hawajui mwanzo wa kitu hicho. Basi tueleze mwanzo wake, kusudi katekista apate neno la kuwajibu.

1. Tufe lilikuwa tunda

Katika nchi za Ujerumani, zamani za karne za kati, watu walikuwa na desturi ya kuwakumbuka Adamu na Eva, wazazi wetu wa kwanza, tarehe 24 Desemba. Walicheza mchezo wa Paradizo, ili hata wasiojua kusoma waone kwa macho jinsi dhambi ilivyoingia duniani na jinsi Mungu alivyoahidi Mwokozi. Mchezo huo ulitaka mti. Lakini Desemba kule ni wakati wa baridi kali, na miti mingi imekwisha kupukutika majani. Kwa hiyo walitwaa sapini, ni mti wa namna ya msonobari, ambao hubaki wenye majani mabichi mwaka mzima. Wakatundika juu yake matofaa, ndiyo yale tunayoita pome.

Kitabu cha Mwanzo hakisemi tunda lile lilikuwa la namna gani. Lakini waliosoma Kilatini wataona upesi sababu moja ya kuchagua tofaa: neno «malum» laweza kuwa «ubaya», tena laweza kuwa «tofaa».

Baadaye wakatundika pia mikate myembamba mfano wa hostia. Haikuwa Ukaristia, ilikuwa alama tu ya Mkate wa uzima. Hivyo mti mmoja ulifundisha mambo mawili: tunda lililoleta kifo, na chakula kinacholeta uzima. Mwaka 1605 msafiri mmoja aliandika kwamba watu wa Strasbourg waliweka sapini vyumbani mwao, wakazipamba kwa waridi za karatasi, matofaa, mikate ile myembamba, karatasi za dhahabu na vitu vya sukari. Kioo hakimo katika maneno yake.

2. Mafundi wa Lauscha

Lauscha ni mji mdogo katika milima ya Thuringia, nchini Ujerumani. Mwaka 1597 Hans Greiner na Christoph Müller walipata ruhusa ya kujenga pale tanuru la kioo. Wazao wao walishika kazi hiyo, wakatengeneza bilauri, chupa na shanga.

Watu wa kule wanasimulia kwamba fundi mmoja maskini hakuwa na fedha za kununua matofaa na njugu za kutundika mtini, ndipo akawapulizia watoto wake matunda ya kioo. Hayo ni masimulizi tu. Lakini andiko liko: kitabu cha maagizo ya biashara cha mwaka 1848 kinataja matufe ya mti wa Noeli, yaliyoagizwa kwa dazeni. Nchini Ufaransa, upande wa Lorraine, wana masimulizi yanayofanana na hayo. Wanasema kwamba mwaka 1858 jua lilikausha mashamba, matofaa yakakosekana, na fundi mmoja wa kule Goetzenbruck akapuliza ya kioo mahali pake. Tuangalie jambo hili: pande zote mbili masimulizi yanaanza na ukosefu wa matunda.

Kazi yenyewe ilifanyika hivi. Fundi alishika mrija wa kioo, akaupasha moto juu ya taa mpaka ukalainika, kisha akapuliza kwa kinywa, kioo kikavimba kama povu la sabuni. Akitaka umbo la njugu au la malaika, alipulizia ndani ya kalibu. Zamani walitia ndani yake risasi au bati iliyoyeyuka, kusudi tufe ling'ae. Nayo risasi ni sumu. Baadaye wakafuata njia ya Justus von Liebig, mtaalamu wa kemia. Walitia ndani maji yenye nitrati ya fedha na sukari, wakalitikisa tufe, na fedha ikashika upande wa ndani kama katika kioo cha kujitazamia. Mwaka 1867 kiwanda cha gesi kilifunguliwa Lauscha. Moto wa gesi ni mkali, tena wa sawasawa. Hivyo mafundi wakaweza kupuliza matufe makubwa yenye ngozi nyembamba sana.

Haya yote yalifanyika nyumbani. Baba alipuliza, mama alitia fedha, watoto walisaidia kupaka rangi na kufunga kifuniko chenye kitanzi. Wanawake walibeba matufe mgongoni katika vikapu vikubwa mpaka Sonneberg, kwa wafanyabiashara. Mali iling'aa katika nyumba za matajiri, lakini walioitengeneza walibaki maskini.

3. Namna yalivyoenea

Mwaka huohuo wa 1848 gazeti moja la London lilionyesha picha ya Malkia Victoria na jamaa yake wakizunguka mti wa Noeli, na watu wengi wakataka kuiga. Marekani, mfanyabiashara F. W. Woolworth alinunua matufe machache mwaka 1880, akiogopa kwamba hayatapata mnunuzi. Yaliisha upesi, naye akaendelea kuagiza mengi kila mwaka. Mwaka 1939 kiwanda cha Corning, kule Marekani, kilianza kuyatengeneza kwa mtambo uliozoea kupuliza balbu za taa. Siku hizi mengi tunayoona sokoni ni ya plastiki. Hata hivyo Lauscha wangali wako mafundi wanaopuliza kwa kinywa.

Biashara huleta hadithi pia. Marekani wengine huficha tango la kioo katikati ya matawi, wakisema ni desturi ya kale ya Ujerumani. Lakini Wajerumani wengi hawaijui kabisa. Basi tusisadiki kila neno la muuzaji.

4. Tufundishe nini?

Kwa muda mrefu mti ulipatikana zaidi katika nyumba za Waprotestanti, na Wakatoliki walipenda pango la Noeli, wakimfuata Mtakatifu Fransisko wa Asizi aliyelitengeneza Greccio mwaka 1223. Lakini mwaka 1982 Papa Yoane Paulo II aliruhusu mti usimamishwe katika uwanja wa Mtakatifu Petro. Na mwaka 2001 Roma ilitoa kitabu cha maongozi juu ya ibada za watu na liturjia. Kinaeleza kwamba mti wa Noeli unakumbusha mti wa Paradizo na mti wa Msalaba. Kinaongeza kwamba kati ya zawadi zinazowekwa chini yake sharti kiwepo kitu kwa ajili ya maskini.

Basi, ndugu katekista, shika mambo matatu. La kwanza: tufe si dawa wala sanamu ya kuabudiwa, ni tunda la mti wa Adamu, na mwenye kulitundika ajue kulieleza kwa watoto wake. La pili: si lazima. Liturjia ya Noeli haikosi kitu pasipo tufe, wala mkristu asikope franka kwa ajili yake. Wale wa kwanza walitundika walichokuwa nacho. Nasi tuna maua, majani ya mitende na matunda ya mashamba yetu. La tatu: mahali penye mti uliopambwa, pawe pia na kikapu cha maskini, nacho kijazwe kabla ya Misa ya usiku.