Mseto au Mchanganyiko? Dhana na Istilahi za Maada za Kielektroniki Zitokanazo na Neli za Kaboni na Polima

1.0 Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi neli nano za kaboni zinavyoambatanishwa na polima nusukipitishi ili kupata maada mpya za kielektroniki, na kuchunguza istilahi zinazofaa kuzielezea kwa Kiswahili. Mambo haya mawili hayatenganiki. Istilahi ikiundwa kwa kuangalia umbo la neno la kigeni tu, bila kuzingatia namna kitu chenyewe kinavyofanya kazi, msomaji hupotoshwa kabla hajaufikia ufafanuzi.

Neno nusukipitishi ni mfano mzuri. Kipashio nusu humfanya msomaji adhani kwamba maada hiyo hupitisha umeme nusu ya kiasi kinachopitishwa na shaba. Sivyo. Sifa yake kuu ni kuwa upitishaji wake huongozwa: baina ya elektroni zilizofungika na zile zilizo huru kutembea kuna pengo la nishati, nalo huvukwa pale tu elektroni zinapopata nishati ya kutosha, kwa mfano kutokana na mwanga au joto. Neno lenyewe linaweza kubakizwa, mradi fasili yake itaje pengo na si nusu.

2.0 Viambajengo viwili

Neli ya kaboni ni utando wa grafiti wenye unene wa atomu moja, uliokunjwa ukawa mrija. Sumio Iijima wa Japani alizieleza neli zenye kuta nyingi mwaka 1991. Zile za ukuta mmoja zilielezwa mwaka 1993 na makundi mawili ya watafiti, moja la Japani na jingine la Marekani. Kipenyo cha neli ya ukuta mmoja hukaribia nanomita 1, yaani sehemu moja ya milioni ya milimita, ilhali urefu wake waweza kuwa maelfu ya kipenyo hicho. (Umbo neli nano ni bora kuliko nanoneli, kwa kuwa katika Kiswahili nomino kuu hutangulia kijalizo chake. Nanomita ni jina la kipimo lililokopwa zima, hivyo haliathiriwi na hoja hii.)

Tabia ya umeme ya neli hutegemea kipenyo chake na pembe ya mkunjo wa utando. Neli zikitengenezwa bila kuchaguliwa, thuluthi moja hivi huwa na tabia ya metali na thuluthi mbili huwa nusukipitishi. Ugumu wote unaojadiliwa hapa chini una chanzo chake katika thuluthi hiyo moja.

Kuhusu polima, mwaka 1977 Hideki Shirakawa, Alan MacDiarmid na Alan Heeger walionyesha kuwa poliasetilini ikitiwa iodini hupitisha umeme vizuri sana. Walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2000. Nyingi kati ya polima za jamii hii zilizofuata huyeyuka, na zinaweza kuchapwa juu ya plastiki kama wino. Udhaifu wake ni kuwa minyororo yake imevurugika, na chaji hulazimika kuruka kutoka mnyororo mmoja hadi mwingine.

3.0 Kuambatana kwake

Neli hutoa njia ndefu isiyokatika. Kwa sababu ni nyembamba na ndefu, kiasi kidogo tu, mara nyingi chini ya asilimia 1 ya uzito, hutosha kufanya mtandao unaogusana ndani ya polima. Lakini neli za metali zikiunganika katika transista, mkondo haukatiki hata swichi inapozimwa. Katika seli za jua, ambazo Emmanuel Kymakis na Gehan Amaratunga wa Cambridge walizijaribu kwa neli na politiofini mwaka 2002, neli za metali huwa mahali ambapo elektroni na matundu hukutana tena na kupotea bila kutoa umeme.

Suluhisho lilitoka upande usiotazamiwa. Mwaka 2007 watafiti wa Oxford walionyesha kuwa baadhi ya polifluorini, zikichanganywa na neli katika toluini, hujizungusha kwenye neli nusukipitishi za aina maalumu na kuziacha zielee. Zile za metali hubaki katika mafungu na kutuama zinapozungushwa kwa kasi kubwa. Polima, iliyodhaniwa kuwa ni kibebeo tu, ikawa ndiyo inayochagua.

Kwa hiyo istilahi mchanganyiko haitoshi: yaashiria vitu vilivyowekwa pamoja bila kuathiriana. Muungano wa kikemia nao si sahihi, kwani hapa hakuna vifungo vipya vya atomu. Chotara limeelemea mno upande wa uzazi. Mseto, neno la wali uliopikwa pamoja na choroko, na ambalo kilimo na siasa zimekwisha kulitumia, linafaa zaidi: viambajengo hubaki vilivyo, lakini kila kimoja hubadili namna kingine kinavyofanya kazi.

Iko hali moja inayoitatiza istilahi hii. Katika transista, polima inayobaki juu ya neli huzuia chaji kuvuka kutoka neli hadi neli, na watengenezaji huioshea mbali kadiri iwezekanavyo. Kilichobaki baada ya kuoshwa si mseto tena, bali ni neli zilizochaguliwa; nayo polima hapo iitwe kichaguzi.