Mti, Chuma na Gundi: Kwa Nini Bunduki Huhama Shabaha

Msomaji wetu mmoja anayekaa Minnesota, Marekani, ameuliza swali fupi linalostahili jawabu refu. Bunduki yake ya kuwindia kulungu, yenye mtambo wa Mauser 98 na kitako cha mti wa jozi, aliipima shabaha mwezi wa Agosti akaridhika nayo. Lakini ulipowadia msimu wa kuwinda mwezi wa Novemba ikawa inapiga pembeni kwa kadiri ya upana wa kiganja, ilhali darubini haikuguswa, risasi ni za sanduku lile lile, na kasiba ni safi. Wenzake wamemwambia kwamba dawa yake ni kuweka gundi ndani ya kitako, naye anastaajabu, kwani haoni gundi ina uhusiano gani na shabaha.

Sitapoteza wino kueleza baruti inavyowaka wala mifereji ya ndani ya kasiba inavyoizungusha risasi, maana hayo yamekwisha andikwa tele, na aghalabu kwa namna ya kumsinziza msomaji. Linalopasa kushikwa tangu mwanzo ni kwamba shabaha njema si kitu kingine ila kurudia: chuma kikae katika mti, kwa risasi ya kumi, vile vile kilivyokaa kwa risasi ya kwanza, na mwezi wa Novemba kama mwezi wa Agosti. Kazi ya kukihakikishia chuma makao hayo nitaiita kukalisha mtambo, na tabaka la gundi linalobaki ndani ya mti nitaliita kikalio. Wengine wangependa kukiita tandiko, lakini tandiko hutandikwa na kukunjwa, na hiki hakikunjiki.

Tuanze na mti, kwa kuwa ndiye mshtakiwa wa kwanza. Mti uliokwisha katwa, ukachongwa, ukapakwa mafuta, haujaacha kunywa na kutoa maji. Hewa yenye unyevu huutanua, na hewa kavu huusinyaza. Maabara ya mazao ya misitu ya serikali ya Marekani, iliyoanzishwa Madison, Wisconsin, mwaka 1910, imepima tabia hii kwa miti mingi, na kwa jozi mweusi wa Marekani imeona kwamba kutoka ubichi mpaka ukavu kamili hupungua kwa asilimia 7.8 kwa upande unaofuata duara la shina, na asilimia 5.5 kwa upande unaotoka kwenye moyo kwenda ganda, bali kwa urefu wake hubadilika kidogo mno. Ikiwa basi unyevu wa kitako umeshuka kutoka asilimia 12 za kiangazi chenye mvuke hadi asilimia 6 za nyumba inayopashwa moto wakati wa baridi, mahali penye upana wa milimita 40 patapungua kwa kadiri ya nusu milimita au zaidi kidogo. Nusu milimita kwa seremala wa milango si neno. Kwa bunduki ni msiba.

Lakini msiba huo hauji kwa njia ambayo wengi hudhani, nami naomba ruhusa ya kukaa hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo penye uhondo wa habari yote. Watu hudhani kwamba mtambo hucheza ndani ya mti kama jino bovu, hivyo hukaza parafujo. Na kadiri wanavyokaza ndivyo mambo yanavyozidi kuharibika. Hebu mtazame mpishi atengaye mafiga. Mafiga yakiwa matatu, hata ardhi ikiwa na mabonde na vilima, sufuria hutulia, kwa sababu nukta tatu, popote zilipo, hukubaliana daima juu ya uso mmoja. Akiongeza figa la nne, ugomvi huanza: sufuria hukalia matatu, ikaliacha moja; ukiigusa kwa mwiko, hulihamia lile lililoachwa na kuliacha jingine. Sasa tuseme sufuria hiyo ni ya bati jembamba, na mpishi, kwa kuchoshwa na kuyumba kwake, ameifunga kwa kamba na kuivuta chini mpaka imeyagusa mafiga yote manne. Kuyumba kumekwisha, na yeye amefurahi. Ila bati limepinda, na limebaki na hamu ya kurudi lilikotoka. Kamba ikilegea, litarudi kidogo. Figa moja likizama kwa mvua, litapinda kwa namna nyingine. Na mchuzi, ambao hauna hatia yoyote, utaelemea upande huu leo na upande ule kesho. Mpishi mwenye busara hafanyi hivyo. Yeye huukanda udongo mbichi, huitua sufuria yake mwenyewe juu yake kwa uzito wake tu, bila ya kuikandamiza, huuacha udongo ufuate kila kibonyeo cha mgongo wa sufuria, kisha huuacha ukauke. Na tangu siku ile sufuria ile ina mahali pake duniani, nayo haihitaji kamba hata moja.

Mtambo wa bunduki ndio sufuria hiyo ya bati, ingawa ni chuma kinene. Fundi aliyekichonga kitako kwa patasi, hata awe hodari namna gani, huacha vilima na mabonde yasiyoonekana kwa macho, nao mtambo hukaa juu ya vilima. Chini yake zimo parafujo mbili, moja mbele na moja nyuma, na parafujo ya unene wa milimita 6 na kitu, ikikazwa kwa nguvu ya kawaida ya kiwiko, huvuta kwa mzigo unaokaribia nusu tani. Nusu tani kila upande, na katikati kilima cha mti: chuma gani hakitapinda? Hupinda kwa kadiri ndogo, kama upinde wa mshale uliofungwa kamba yake. Na mti unapokunywa maji au kuyatoa, kilima huinuka au kushuka, na upinde nao hubadilika. Hesabu yake ni nyepesi: mtambo wenye urefu wa sentimita 20 ukiinama mwisho mmoja kwa sehemu tano za mia za milimita, yaani unene usiofikia karatasi ya kuandikia, kasiba itakuwa imegeuza uso wake kwa kadiri ya sentimita 2.5 penye mita 100.

Fauka ya hayo kuna mshindo. Risasi hukaa ndani ya kasiba kwa muda wa kadiri ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, na katika muda huo bunduki yenyewe imekwisha rudi nyuma zaidi ya milimita moja, ikiwa bado inaitumikia risasi ile. Nguvu hiyo hupokewa na jino la chuma lililo chini ya mtambo kwa mbele, ambalo katika Mauser ni sehemu ya mtambo wenyewe, na katika Remington 700, iliyotoka mwaka 1962, ni bamba la peke yake lililobanwa baina ya kasiba na mtambo. Jino likiegemea mti kwa pembe moja tu, mtambo wote husokotwa kidogo kila mara.

Kwa bunduki, udongo wa yule mpishi ni gundi, na inayofaa ni ile ya chupa mbili, ambayo wasomaji wetu wanaijua madukani kwa jina la Araldite, na asili yake ina ajabu yake. Mmoja wa walioibuni, Pierre Castan wa Uswisi, alikuwa akitafuta kitu cha kutengenezea meno ya bandia. Kampuni ya Ciba ikaitoa sokoni mwaka 1946. Chembe zake zina pete ndogo za kaboni mbili na oksijeni moja, pete zilizokunjwa kwa shida mno hata zinangoja kisababu tu zifunguke. Dawa ya chupa ya pili huzifungua, na kila iliyofunguka hushikana na jirani yake, mpaka chombo kizima kinakuwa wavu mmoja. Katika kushikana huko hakuna maji wala moshi unaotoka, ndiyo maana hupungua kidogo sana inapokauka, na huhifadhi sura ya chuma iliyoipokea. Katika miaka ya 1960 bunduki za M14 zilizoandaliwa kwa mashindano ya Marekani zilikuwa zikikalishwa kwa gundi ya kioo, na mafundi wa nyumbani wakaufuata mtindo huo.

Namna yake nyumbani ni hii. Bunduki ikiwa tupu na bolti imetolewa, mti hukwanguliwa kwa kina cha milimita 2 au 3 chini ya mtambo na nyuma ya jino. Jino hufungwa utepe mbele, pembeni na chini, ili baadaye liguse kikalio kwa uso wake wa nyuma tu. Matundu yote hujazwa udongo wa kuchezea watoto, na chuma chote hupakwa nta, au rangi ya viatu isiyo na rangi, mara mbili, hata ndani ya hesi. Kwani mahali palipokosa nta ndipo chuma na mti vitakapooana bila ya talaka. Gundi ikisha tiwa, mtambo huteremshwa taratibu, nao hauvutwi kwa parafujo, bali hufungwa kwa mpira laini, kama sufuria ile iliyoachiwa uzito wake. Inayofurika kando hufutwa papo hapo kwa kitambaa kilicholowa siki, kisha mtu huondoka mpaka kesho. Kesho hiyo mtambo hutoka kwa kishindo kidogo, na kikalio huonekana kinang'aa, hata alama za tupa za kiwandani zimo ndani yake.

Gundi ya namna hii hulainika katika joto kali, basi bunduki isisahauliwe ndani ya gari juani, glavu zivaliwe, na aliye Kenya au Tanzania, ambako kila bunduki hudai leseni, aulize polisi kabla ya kugusa patasi.

Lakini kabla ya kununua chochote, msomaji wetu aifanyie kwanza bunduki yake mtihani. Aisimamishe, ashike kwa vidole viwili mahali kasiba inapoachana na mti, kisha ailegeze polepole parafujo ya mbele na kuikaza tena. Akihisi chuma kinainuka na kushuka chini ya vidole vyake, au kipimo cha saa kikionyesha zaidi ya sehemu tano za mia za milimita, basi upinde tuliousema umo, na gundi itaufungua. Asipohisi kitu, kitako chake hakina kosa kwa upande huu. Aachane na gundi, achunguze parafujo za darubini.