Tiketi Inasema Saa 03:00: Kweli na Uongo Katika Lugha ya Safari

Kila neno lililochapishwa kwenye tiketi lina pesa ndani yake. Ndilo linaloamua nani atalala kiwanjani kwa gharama yake, nani atarudishiwa nauli na nani atalipia kilo zilizozidi. Mkaazi wa Nairobi akilielewa vibaya, atapoteza siku moja na kurudi kwake. Mama aliyetoka Mandera kwa basi, kama kilomita elfu moja za barabara kabla hata hajaiona ndege, hana pa kurudi. Hapa nimeyachukua madai yanayosikika kila siku kwenye ofisi za mabasi Garissa na kwa maajenti wa Umra hapo na Islii, tuyapime.

"Tiketi ikisema 03:00, ni saa tatu."

Si kweli, na kosa hili huwakosesha watu ndege. Saa yetu huanza kuhesabiwa jua likichomoza, lakini siku ya tiketi huanza usiku wa manane na kuhesabiwa hadi 24. Kwa hiyo 03:00 ni saa tisa usiku. Saa tatu asubuhi huandikwa 09:00, na saa tatu usiku ni 21:00. Kwenye steji hakuna tatizo: karani wa basi akikwambia saa mbili asubuhi, anajua na wewe unajua. Tatizo huanza ujumbe wa buking unapoingia kwenye simu ukisema 08:00, na mtu akaja steji saa nane mchana.

Hatari kubwa zaidi ni ndege zinazoondoka baada ya saa sita usiku. Chukua tiketi ya Ijumaa 00:40. Wengi hulala usingizi wao usiku wa Alhamisi, wakashinda Ijumaa wakiagana na jamaa, na jioni wakaenda kiwanjani kupanda ndege iliyoondoka tangu usiku uliopita. Hesabu ya wazee wetu, ambayo usiku hutangulia mchana wake, ingewaokoa: kwao usiku wa Ijumaa ni ule unaoingia Alhamisi jua likizama. Basi ukiona saa inayoanza na 00, 01 au 02, fika kiwanjani jioni ya siku iliyotangulia tarehe hiyo. Jambo jingine: saa za tiketi huandikwa kwa saa za mahali penyewe. Jeddah na Nairobi zina saa zilezile, Dubai iko mbele kwa saa moja.

"Ndege ya moja kwa moja haitui popote."

Si kweli, na Wajir ndio ushahidi. Kwa miaka mingi ndege za abiria zilizotoka Mogadishu kwenda Nairobi zilitakiwa zitue kwanza Wajir, abiria na mizigo wakaguliwe, kisha ziendelee. Sharti hilo liliondolewa, likarudishwa Mei 2019, na likaondolewa tena mwishoni mwa mwaka huohuo baada ya Rais Uhuru Kenyatta na Rais Mohamed Abdullahi Farmaajo kukutana. Muda wote huo abiria alikuwa na tiketi moja na namba moja ya ndege. Kwa kanuni za mashirika ya ndege, hiyo bado ni safari ya moja kwa moja, kwa kuwa namba haikubadilika. Ndege isiyotua kabisa ni daraja jingine, na huandikwa tofauti. Kwa hiyo usimuulize ajenti kama ndege ni ya moja kwa moja. Muulize inatua wapi, inakaa kwa muda gani, na kama utashuka.

Kuna jambo linalofanana na hilo ambalo huwaumiza watu wetu zaidi. Ukinunua safari ya kuunganisha ndege kwa tiketi moja, na ndege ya kwanza ikachelewa, shirika lina wajibu wa kukufikisha. Ukinunua tiketi mbili mbalimbali, ukiikosa ndege ya pili hasara ni yako. Ndege nyingi za Wajir na Mandera hutua Wilson, ambayo kwenye tiketi huandikwa WIL. Ndege za Jeddah na Dubai huondokea Jomo Kenyatta, yaani NBO. Ni viwanja viwili, na kati yao kuna foleni za magari za Nairobi. Mtu aliyepangiwa saa mbili tu kati ya WIL na NBO amewekewa mtego, hata kama aliyempangia hakukusudia ubaya. Ukikutana na GAS, hiyo ni Garissa. WJR ni Wajir na NDE ni Mandera.

"Imekonfamiwa, basi nina tiketi."

Si kweli. Tazama mstari kama huu, unaochapishwa na kompyuta za maajenti:

NBO JED 14MAR 0305 HK1

Herufi za kwanza ni mahali pa kutoka na pa kwenda, halafu tarehe, halafu saa. HK maana yake kiti kimeshikwa, na 1 ni idadi ya abiria. Kushikiwa kiti hakukufanyi kuwa mmiliki wa tiketi. Kila buking kama hiyo ina siku yake ya mwisho, na nauli isipolipwa kwa shirika kabla ya siku hiyo, kompyuta hukiachia kiti bila kumwuliza mtu. Mteja huambiwa, "Mama, usijali, kila kitu kimekonfamiwa," na maneno hayo ni ya kweli kabisa hadi siku yanapoacha kuwa ya kweli.

Alama ya tiketi halisi ni namba yenye tarakimu 13. Tatu za mwanzo hutambulisha shirika: 706 ni Kenya Airways, 071 ni Ethiopian, 065 ni Saudia, 176 ni Emirates. Ile namba ya buking yenye herufi na tarakimu sita haitoshi. Dai hizo tarakimu 13, kisha mwenyewe au mwanao fungueni tovuti ya shirika mwone kama safari ipo. Ajenti mwaminifu hatakasirika. Anayekasirika, usimwachie pesa.

Na ukiona tiketi imeandikwa kwamba hairudishiwi pesa, usiitupe. Nauli yenyewe huenda imepotea, lakini kodi na ada za kiwanja ambazo hukuzitumia mara nyingi hurudishwa kwa anayeomba. Wengi hawaombi.

"Pakeji ya Umra ina kila kitu."

Inategemea, na hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu pesa zinazoingia humu ni za ngamia waliouzwa na michango ya watoto walioko ng'ambo.

Bei kubwa iliyo kwenye bango kwa kawaida ni ya mtu mmoja katika chumba cha watu wanne. Mume na mke wakitaka chumba chao peke yao, bei ni nyingine, na hiyo haimo kwenye bango. Chakula nacho kina madaraja: hafubodi ni milo miwili, kwa kawaida kifungua kinywa na cha usiku, na fulubodi ni milo mitatu. Pakeji isiyotaja lolote kati ya hayo, usidhani ina chakula.

Maneno "karibu na Haram" hayana kipimo chochote. Hoteli iliyo mtaa wa Aziziyah iko Makka, hilo ni kweli, lakini ni kilomita kadhaa kutoka Msikiti Mtukufu, na utategemea basi la hoteli. Hata mita 700 si sawa kwa kila mtu: kwa kijana ni matembezi, kwa bibi mwenye magoti mabovu ni mlima wa kupanda na kushuka mara tano kwa siku. Omba jina la hoteli kwa maandishi, ulitafute kwenye ramani. Kwenye Hija kuna pia pakeji za kuhama, ambapo mahujaji hukaa karibu na Haram siku chache, kisha huhamishiwa Aziziyah siku za Hija zinapokaribia. Hazina ubaya, na ndiyo sababu ni nafuu. Ubaya ni mtu kuuziwa bila kuambiwa kwamba atahama.

Na leseni ya ajenti ionekane. Chini ya Sheria ya Utalii ya 2011, wa kuitoa ni Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, nayo huwa ya mwaka mmoja. Ya mwaka juzi haina maana.

"Viza ya matembezi inatosha kuhiji."

Si kweli, na gharama yake si ya pesa. Viza ya matembezi au ya utalii haimruhusu mtu kuhiji. Anayejipenyeza bila kibali hana hema Mina, hana basi lenye kiyoyozi, hana pa kukimbilia jua linapochoma. Juni 2024 joto kwenye Msikiti Mtukufu lilifika nyuzi 51.8. Serikali ya Saudi Arabia ilitangaza vifo 1,301, na ikasema asilimia 83 ya waliofariki hawakuwa na kibali, wengi wao wakiwa wametembea masafa marefu juani bila kivuli. Anayekuuzia "Hija ya bei nafuu" kwa viza ya matembezi anakuuzia hilo.

"Mwanamke bila mahram hapewi viza."

Kwa sheria ya viza, si kweli tena. Oktoba 2022 waziri wa Hija wa Saudi Arabia, Tawfiq al-Rabiah, alitangaza kwamba mwanamke anaweza kuja Hija au Umra bila mahram. Suala la fiqhi waulizwe masheikh. Nalisema hili kwa sababu wajane huweza kutozwa pesa za "kutafutiwa mahram" ambazo hakuna ofisi inayozidai.

"Kenya sasa haina viza, shangazi aje tu kutoka Mogadishu."

Si kweli. Viza iliondolewa Januari 2024, na mahali pake pakawekwa idhini ya kusafiri inayoombwa kwa intaneti kabla ya safari, kwa ada ya dola 30. Mwaka 2025 raia wa karibu nchi zote za Afrika waliondolewa sharti hilo, isipokuwa wa Somalia na Libya. Somalia ni mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu Machi 2024, na bado shangazi hawezi kuja hivihivi. Hilo linauma, lakini ni heri alijue kabla ya kununua tiketi.

Tukiwa hapo: pasi anayopewa mkimbizi kutoka Dadaab si hati ya kuvukia mpaka. Ni ruhusa ya kutoka kambini kwenda mahali fulani ndani ya Kenya kwa muda fulani. Anayesafiri nje huhitaji hati ya safari ya wakimbizi chini ya Mkataba wa 1951. Eneo hili limezoea pasi tangu zamani. Mkoloni alipoliita Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini na kulifunga, mtu hakuingia wala kutoka bila karatasi.

"Tahadhari ya balozi ni marufuku ya kuja Garissa."

Si kweli kisheria, lakini ina nguvu karibu sawa na marufuku. Marekani hupanga tahadhari zake kwa ngazi nne, na ya nne husema usisafiri. Kaunti zinazopakana na Somalia zimekuwa zikiwekwa humo huku Kenya kwa jumla ikiwa ngazi ya chini. Hakuna polisi atakayemzuia Mmarekani kuvuka daraja la Tana. Kinachomzuia ni bima yake, ambayo mara nyingi hukataa kulipa mtu akienda penye onyo hilo, na mwajiri wake asiyeweza kumtuma bila bima.

Sidharau sababu zake. Aprili 2, 2015 watu 148 waliuawa Chuo Kikuu cha Garissa, na hakuna anayeishi hapa aliyesahau. Lakini mstari unaochorwa kwa mipaka ya kaunti huuweka mji ulio kingo za Tana pamoja na vijiji vya mpakani, wakati Dadaab yenyewe iko kama kilomita 100 kutoka mjini, na mpaka uko mbele zaidi. Onyo la haki lingeonyesha tofauti hiyo.

"Hifadhi zote ni kitu kimoja."

Si kweli. Hifadhi ya taifa husimamiwa na Shirika la Wanyamapori la Kenya, na mifugo hairuhusiwi. Malka Mari, Mandera, ni ya aina hiyo. Arawale, iliyotangazwa miaka ya 1970 kwa ajili ya swala aitwaye hirola, ni hifadhi ya aina ya pili, iliyo chini ya kaunti. Ishaqbini, kule Ijara, ni ya jamii yenyewe: ardhi ni ya wafugaji, na wao ndio walioamua. Mwaka 2012 walijenga uzio wa kuzuia wanyama wakali na kuwaingiza hirola 48, wakati ambapo duniani kote hirola waliobaki hawafiki 500. Ndiko walikoonekana twiga weupe mwaka 2017, ambao si zeruzeru. Macho yao ni meusi. Machi 2020 jike na mwanawe walikutwa wameuawa na majangili. Ukilipa ada ya kuingia mahali, uliza ni hifadhi ya aina gani, ndipo utajua pesa inamfikia nani.

"Mzigo ukipotea, shirika litakupigia."

Si kweli. Kabla hujatoka kiwanjani, nenda kwenye dirisha la mizigo ujaziwe fomu ya mzigo uliopotea au kuharibika, na ubaki na nakala. Kwa safari za kimataifa Kenya inafuata Mkataba wa Montreal wa 1999. Mzigo ulioharibika uandikiwe madai ndani ya siku 7, uliochelewa ndani ya siku 21 tangu ukabidhiwe. Tangu Desemba 28, 2024 kiwango cha juu cha fidia ni SDR 1,519 kwa abiria, kipimo cha Shirika la Fedha la Kimataifa ambacho kimoja huzidi dola moja. Malalamiko ya simu hayahesabiwi. Yawe ya maandishi, yenye tarehe, na stakabadhi za ulichonunua ukisubiri mzigo ziambatanishwe.