Platipasi na Mito Iliyokatwa Vipande

Ukiitazama ramani ya mashariki mwa Australia, kuanzia Queensland hadi kisiwa cha Tasmania, utadhani platipasi hana la kuogopa. Mnyama huyu mwenye mdomo kama wa bata, anayetaga mayai na kisha kuwanyonyesha watoto wake, bado anapatikana katika mito mingi ya ukanda huo, hata kwenye vijito vya vitongoji vya Melbourne. Waliokuwa wakimwinda kwa ajili ya manyoya yake walizuiwa na sheria tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Hata hivyo, mwaka 2021 jimbo la Victoria lilimwingiza rasmi katika orodha ya viumbe walio hatarini. Wanaomwona kuwa salama wanaitegemea ramani kupita kiasi. Ramani huonyesha anapopatikana; haionyeshi kama walioko huku wanaweza kuwafikia walioko kule, na hapo ndipo hatari kubwa ilipo.

Mwili wake wote umeumbwa kwa ajili ya maji. Akizama hufumba macho, huziba masikio na pua, kisha huwatafuta minyoo, viluwiluwi vya wadudu na kamba kwa mdomo unaohisi umeme hafifu unaotoka kwenye misuli ya mawindo. Nchi kavu hutembea kwa taabu, na huko kuna mbwa pamoja na mbweha walioletwa na Wazungu katika karne ya 19. Dume ana mwiba wenye sumu miguuni, lakini jike mzima hana hata huo. Kwa kiumbe wa namna hii, ukuta mrefu wa bwawa ni mwisho wa safari. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulilinganisha vinasaba vya platipasi wa mito yenye mabwawa makubwa na wa mito isiyo nayo. Walioishi juu na chini ya bwawa walikuwa wametengana kinasaba zaidi kuliko wa mito iliyo huru, na kadiri bwawa lilivyokuwa la zamani ndivyo tofauti ilivyozidi. Kundi dogo lililofungiwa hivyo huishia kuzaliana ndugu kwa ndugu. Isitoshe, maji yanayofunguliwa kutoka kilindini mwa bwawa huwa ya baridi kali, hupunguza wadudu anaowala, na yakija kwa ghafla huweza kuyajaza mashimo anamolea watoto kingoni.

Wapo watakaosema kwamba ukame na moto ndio wauaji wakubwa zaidi, wakitaja ukame uliofuatwa na moto wa msituni wa 2019 na 2020. Ni kweli viliwaangamiza wengi. Lakini baada ya janga kama hilo, kijito kilichobaki kitupu hujazwa na wageni kutoka vijito jirani, mradi njia iwepo. Wengine watataja mitego iliyofunikwa ya kunasia kamba wa mtoni, ambamo platipasi huingia na kufa maji kwa dakika chache kwa kuwa lazima apumue hewa. Victoria iliipiga marufuku mwaka 2019 na New South Wales mwaka 2021, jambo la kupongezwa sana. Marufuku hiyo, hata hivyo, haivunji ukuta wowote.

Pingamizi zito ni kwamba watu wanahitaji maji na umeme. Hakuna anayetaka Sydney ipate kiu. Bado inawezekana kufungulia maji ya tabaka la juu lenye joto, kufuata majira ya mto badala ya ratiba ya umwagiliaji peke yake, na kubomoa vizuizi vidogo visivyotumika tena. Mwezi Mei 2023 platipasi walirudishwa katika Royal National Park, kusini mwa Sydney, walikokuwa wametoweka kwa miaka mingi, nao walibebwa na watu. Ni kazi njema, ila haiwezi kurudiwa kila kizazi katika kila mto. Serikali za majimbo zisiidhinishe bwawa jipya kabla wajenzi hawajaonyesha platipasi atapitia wapi.