Sehemu Yenye Kivuli: Hesabu ya Mtoto na Hesabu ya Shamba



Mtoto anarudi kutoka shule na swali. Mwalimu amechora mraba wenye upande wa sentimita 14. Ndani yake kuna duara linalogusa pande zote nne. Pembe zilizobaki zimetiwa kivuli. Anauliza, "Mama, eneo la kivuli ni ngapi?" Wengi wetu tunamjibu, "Enda umuulize mwalimu." Kumbe hesabu hiyo hiyo ndiyo tunayoihitaji tukienda kukodi shamba.

NJIA NI MOJA TU

Usihangaike na kivuli kwanza. Tafuta kitu kizima, kisha toa kile kisicho na kivuli.

1. Mraba: 14 × 14 = 196.
2. Duara: chukua nusu ya upana wake, yaani 7. Sasa 7 × 7 = 49. Zidisha kwa 22, ugawanye kwa 7. Unapata 154.
3. Toa: 196 − 154 = 42. Kivuli ni sentimita za mraba 42.

Kosa la kawaida ni kutumia 14 badala ya 7. Hapo duara linakuwa 616, kubwa kuliko mraba unaolizunguka! Jibu kama hilo linajisema lenyewe kwamba limepotea njia.

SASA TWENDE SHAMBANI

Huku kwetu Kakamega mashamba ni madogo, na kila hatua ni pesa. Tuseme kina mama wanataka kukodi shamba la mahindi. Mwenye shamba anasema ni nusu ekari: mita 50 kwa 40, yaani mita za mraba 2,000. Hajadanganya, kwa maana ekari moja ni kama 4,047. Lakini ndani mna boma la mita 15 kwa 12, yaani 180, na bwawa la samaki la mviringo.

Bwawa utalipimaje, na huwezi kupita majini na kamba? Zunguka ukingoni. Ukipata mita 44, zidisha kwa 7, ugawanye kwa 22. Upana ni mita 14, basi bwawa ni 154.

2,000 − 180 − 154 = 1,666.

Hiyo ndiyo sehemu yenye kivuli, pale jembe litakapofika. Ni kama ekari 0.41. Kodi ikiwa shilingi 10,000 kwa ekari, mngelipa 5,000 badala ya kama 4,100. Na mkiweka kilo 50 za mbolea kwa ekari, mnahitaji kama kilo 21, si 25. Zungumzeni na mwenye shamba kabla ya kutoa pesa, si baadaye.

IKIWASHINDA

Choreni shamba chini kwa kijiti, mpake majivu mahali mtakapolima. Mwalimu wa shule ya karibu akialikwa mkutanoni atasaidia, na hata mwanafunzi wa darasa la juu anaweza.

JARIBUNI: Shamba ni mita 30 kwa 20. Ndani kuna kitalu cha mviringo chenye upana wa mita 7, na kando yake njia ya mita 20 kwa 3. Pa kulima ni ngapi? Mkipata mita za mraba 501 na nusu, mko tayari kwenda na kamba yenu.