Kiti cha Magurudumu Kikihamia kwa Mzee Mwingine

Mwezi huu tunaongea juu ya viti vya magurudumu, maana hapa kambini viti hivi vinahama sana. Mzee anafariki, au familia inapata safari, kiti kinabaki kwa jirani. Jirani naye ana bibi asiyetembea, basi anamkalisha na kushukuru Mungu. Tunamwelewa. Lakini kiti kile kilipimwa kwa mwili wa mtu mwingine.

Viti vingi vina sehemu za kurekebisha. Pedali za miguu zinapanda na kushuka, vingine mikono inachomoka, vingine mgongo unalala. Anza na pedali. Zikiwa juu mno, magoti yanainuka na uzito wote unaangukia makalioni. Zikiwa chini mno, mzee anateleza mbele. Paja lilale lote kwenye kiti, na nyuma ya goti ibaki nafasi ya vidole viwili. Chini ya pedali ibaki kama sentimita 5, kama siyo hivyo zitagonga mawe na mtu atatupwa mbele.

Jambo linalotutia hofu kuliko kuanguka ni kidonda cha kukalia. Kuanguka kila mtu anaona. Kidonda hiki kinaanza kimya, hasa kwa mtu asiyesikia maumivu sehemu za chini, na kikioza kinaweza kuua. Mto wa kiti ubonyeze kwa mkono: ukigusa ubao, mto umekwisha. Blanketi la kukunja si mto, mikunjo yake inaumiza ngozi. Kila dakika 15 mpaka 30 mzee ainame mbele au aegemee upande mmoja kisha mwingine, akae hivyo dakika moja au mbili. Asiyeweza, asaidiwe. Jioni ndugu wa karibu amwangalie makalio na mgongo wa chini, kwa heshima. Kwa ngozi yetu nyeusi usitafute wekundu tu. Tafuta pahali palipozidi weusi, penye joto au pagumu. Kama nusu saa baada ya kumlaza hapajarudi kawaida, asipakalie tena, na mmpeleke zahanati. Msipasugue na mafuta, eti damu itembee! Kusugua kunaharibu zaidi.

Kuna wanaomfunga bibi kifuani kwa kitenge ili asianguke. Tunaomba muache. Akiteleza, kitenge kinapanda shingoni. Mtu anayeteleza kila mara anahitaji pedali na mto virekebishwe, na kama kuna mkanda, upite chini kwenye nyonga, naye mwenyewe awe amekubali na anajua kuufungua.

Kumwingiza na kumtoa ndiyo saa ya ajali. Breki zote mbili zifungwe, pedali zikunjwe juu, asizikanyage kamwe wakati wa kusimama. Na breki inategemea upepo: kwa viti vingi inabana tairi, kwa hiyo tairi likilegea, breki imefungwa lakini kiti kinatembea. Pampu ya baiskeli ya jirani inatosha. Msikinyanyue kiti kwa kushika mikono inayochomoka. Shikeni fremu.

Mgongo unaolala ni mzuri kwa kupumzika, ila uzito unakwenda nyuma na kiti kinaweza kupinduka. Mrudishe mzee wima kabla ya kumsukuma. Kwenye mteremko mkali msukumaji ashuke kinyumenyume, yeye akiwa upande wa chini, polepole. Mvua ikinyesha na njia ikiwa tope, afadhali kungoja.

Tusisahau jiko. Asiyesikia joto mapajani asipakate sufuria ya moto, na kiti kisiachwe juani halafu mtu akalie chuma kinachowaka.

Mkipokea kiti cha mtu mwingine, kipelekeni pamoja na mzee mwenyewe kwa wahudumu wa mazoezi ya viungo kabla hajakizoea vibaya. Kupima bila mtu hakuna faida. Tyubu, spoki na kukaza nati, fundi baiskeli anaweza. Kukata fremu au kuchomelea asiguse mpaka wahudumu wamekiona. Na mwulizeni mzee pahali panapombana. Wengi wananyamaza kwa kuogopa kwamba kiti kitachukuliwa.